Akina Lin Kumi na Mmoja Sebuleni Kwangu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wana London yao ya madaraja na makumbusho; yangu inaanzia kwenye sofa na kuishia duka la chini, kwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye huniuzia unga wa sembe na kuniuliza, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, kama wiki hii nimeliona jua. Nimekaa Kilburn muda mrefu, hata mabasi yamebadilishwa njia nami sina habari. Mgongo ulipogoma kubeba maboksi kule ghalani Hayes, watu walinipa pole. Niliwaitikia kwa sura ya huzuni, nikarudi zangu ndani, nikavaa soksi nzito.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye mwenye mamlaka katika familia. Sitanii. Sisi ni Waluguru, na kwetu ukoo unakwenda kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na likija suala la kuoa au kuolewa, anayesikilizwa ni mjomba. Baba anapendwa, anachinjiwa kuku, lakini ukoo si wake. Dada yangu alifariki hapa hapa London na kuniachia binti yake akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo mjomba ni mimi. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kubahatisha, lakini kwenye sofa langu mimi ni jaji.

Huyo binti alikua, akasoma, akapata kazi ya maabara, na siku moja akaniletea kijana wa Kichina. Wazazi wake walitoka Malaysia, yeye amekulia hapa. Alikunywa chai, akasikia boila langu la maji ya moto linavyokohoa, akavua koti na kulitengeneza bila kuombwa. Kwa upande wangu posa ilikuwa imekwisha pale pale.

Tatizo lilikuwa mama yangu. Yuko Morogoro, na kwenye simu ya video huwa tunaona paji lake la uso na kipande cha dari. Hakuuliza dini ya kijana wala mshahara. Aliuliza kama ana watu.

"Ana mama yake," nikasema.

"Nimeuliza watu. Kijana wa peke yake ni kama mgeni wa hoteli. Akitoka na begi lake utamuuliza nani?"

Akatoa sharti: kijana aje na watu wake, wakae, waseme kwa midomo yao kwamba wanamtaka mtoto wetu. Wasipokuja, yeye hana harusi ya kubariki, na tusimpigie simu kumwonyesha keki. Binti akajibu kwamba ni sawa tu, wataandikisha ndoa kwenye ukumbi wa kaunsili na mashahidi wawili, basi. Alisema hivyo kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu mzima, kisha akaingia bafuni na kufungua bomba. Kuta za flati yangu ni biskuti tupu. Maji hayakuficha kitu. Huyu ni mtoto aliyebebwa mgongoni na bibi yake kabla hajaletwa huku, na mpaka leo bibi humwita mke mwenza. Kuolewa bila neno la bibi angeweza. Kuifurahia harusi hiyo, hapana.

Nikamwita kijana jikoni nikiwa napika chapati, nikamwambia alete watu wa ukoo wake. Akasema baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na hapa London hana baba mdogo wala binamu. Akafikiri kidogo, akauliza kama watu wenye jina la ukoo tu wanatosha. Nikasema ukoo ni ukoo. Nilikuwa na haraka, chapati ilikuwa inaungua.

Akachora kwa kidole kwenye unga wangu miti miwili midogo, imesimama bega kwa bega. Hilo ndilo jina lao, Lin, yaani msitu. Alinieleza kwamba lilianzia kaskazini mwa China enzi za wafalme wa kale, likateremka hadi mkoa wa Fujian kwenye pwani ya kusini, na kutoka huko likasafiri na watu wake kwenda Taiwan, Malaysia, Singapore, popote palipokuwa na kazi au biashara. Kila lilikofika lilipata matamshi mengine: huku Lin, kule Lim, kwingine Lam. Miti ni ile ile miwili. Hapa London wana chama cha wenye jina hilo, hukutana Jumapili juu ya mgahawa fulani. Yeye hajawahi kwenda, aliona ni mambo ya wazee. Nikamwambia wazee ndio ninaowatafuta, na aache kuuchezea unga.

Alikwenda na mfuko wa machungwa. Kumbe amegusa penyewe. Watoto wa wale wazee walikuwa wameshaoa na kuolewa bila kumuuliza mtu; mmoja alipata habari za harusi ya mwanawe kwa kuletewa picha. Walikuwa na chama, bendera na masufuria makubwa, ila hawakuwa na mtu wa kumposea. Wakagombana nani aje.

Jumamosi mchana wakaja akina Lin kumi na mmoja. Sebule yangu inakaa watu watano, tena wawe wanapendana. Viatu vilijaa mlangoni vikaanza kushuka ngazi. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Malaysia mwenye suti, yeye ni Lim. Alikuwepo mama wa Hong Kong, Lam, aliyekagua pazia zangu kama anayetaka kuzinunua. Alikuwepo mstaafu wa Taiwan, Lin kamili, aliyewatazama wenzake kama nakala zilizofifia. Na alikuwepo bwana wa Indonesia aliyejitambulisha kwa jina la Salim. Nikamwambia ndugu yangu, umekosea nyumba. Akacheka, akaeleza kwamba serikali ya kwao iliwahi kuwataka Wachina wachukue majina ya kienyeji, na baadhi ya akina Lim wakachagua jina ambalo Lim anaweza kujificha ndani. Tangu hapo, alisema, Waislamu wa London wanamsalimia kwa heshima na yeye hajui kuitikia.

Nyuma yao kabisa aliingia mama wa kijana, mwanamke mdogo wa umbo, na sufuria ya tambi. Akapita moja kwa moja jikoni. Hakuna aliyemkaribisha kiti, hata mimi. Nilikuwa nahesabu mito ya kukalia. Wanawake wa Kichina wakiolewa hubaki na jina la baba zao, kwa hiyo siku ile ya akina Lin yeye alikuwa ameolewa na Lin, amezaa Lin, na mwenyewe si Lin.

Niliuliza, kwa adabu, wageni wanahusiana vipi na kijana. Wakatazamana. Mwenyekiti akasema undugu upo, labda wa miaka elfu moja iliyopita, zaidi kidogo. Mwenzenu nikaona aibu, maana wao wamejaza nyumba na upande wetu niko peke yangu na sofa. Nikashuka dukani kumwazima mzee wa Mombasa. Alifunga duka, akapanda na sahani ya chevda, vile vitafunio vyao vya pilipili, akaketi kando yangu.

"Leo mimi ni Mluguru?" akaninong'oneza.

"Mpaka watakapoondoka."

"Basi nikalie upande gani, wa wenye hasira au wa wenye njaa?"

Simu tukaiegemeza kwenye kopo la maziwa, paji la uso la mama likatokea, mwenyekiti akasimama kueleza kwa Kiingereza asili ya ukoo wao nami nikawa natafsiri. Palikuwa na mfalme katili, na baba yake mdogo, mtu mwema, akathubutu kumkanya. Mfalme akasema amesikia moyo wa mtu mwema una matundu saba, ngoja ahakikishe. Akampasua. Mke wa marehemu alikuwa mjamzito. Akakimbilia msituni, akajifungua humo mafichoni. Mfalme yule alipopinduliwa, mfalme mpya akamtafuta mtoto na kumpa jina la Lin, kwa kuwa alizaliwa kwenye miti. Hao waliojaa sebuleni wote wanajihesabu kuwa wajukuu zake.

Nilitegemea mama aguswe. Yeye akalisogeza paji karibu na kioo.

"Huyo mwanamke aliyekimbia na mimba," akauliza, "alikuwa wa ukoo gani?"

Nikatafsiri. Mwenyekiti akamgeukia wa Taiwan. Wa Taiwan akataja jina, mama wa Hong Kong akasema kwao hawasimulii hivyo, Salim akasema kwao huyo mwanamke hata hatajwi. Wakabishana kwa lugha ambazo nadhani hawakuelewana wote.

"Kukimbia kakimbia yeye, kuzaa kazaa yeye, tena porini," mama akasema. "Halafu jina likatoka kwa mfalme. Na hao waliokaa hapo wote ni watu wa baba?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mtoto, uliwaambia nini?"

Niliwaambia ukoo. Nilisahau kabisa kwamba duniani kuna watu ambao ukiwaambia ukoo wanakwenda kwa baba, na kwamba watu hao ni karibu dunia nzima. Mama akanikumbusha kwa maneno machache, na kwa bahati nzuri sikutakiwa kuyatafsiri. Mzee wa Mombasa aliyaelewa yote. Aliinamia chevda, mabega yakimtikisika.

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kiti. Nilimwona anamtazama kijana, kijana anawatazama wageni wake kumi na mmoja, na nikajua wote wawili wanafikiria ule ukumbi wa kaunsili.

"Aliyemzaa yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko jikoni."

"Sasa tunazungumza na nani hapa?"

Nikaenda kumwita. Alikuwa ameshapanga upya kabati langu la vyombo, na vikombe nilikuja kuvitafuta wiki nzima. Akatoka anajifuta mikono kwa taulo, akasimama mbele ya simu. Akina Lin wakasogeza magoti ili apite. Mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimnunulie simu yake, aliishika sawa. Tukamwona uso mzima.

"Mama mwenzangu, pole na kazi," akasema. "Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Kwa hiyo mwombaji ni mimi. Nakuomba mwanao. Utatupa?"

Nilitafsiri polepole ili nisiharibu. Yule mama alinisikiliza, akaikunja ile taulo. Kisha akaniambia nimweleze bibi kwamba tangu azae mtoto huyu ameambiwa ni wa akina Lin. Alipofiwa na mume aliambiwa amlee vizuri, ni wa akina Lin. Kuombwa ndiyo mara ya kwanza.

"Nampa," akasema. "Lakini kila Jumapili anakula kwangu."

"Jumapili ni siku ya kanisa."

"Baada ya kanisa. Na msichana aje pia, amekonda."

"Hapo umesema kweli," mama akajibu, na nikaona wawili hawa hawanihitaji sana, ila lugha tu.

Mwenyekiti akainua mkono kama mwanafunzi. Alitaka kujua watoto wakizaliwa wataitwa Lin au hawataitwa. Mama akasema waandikwe hivyo hivyo, jina zuri, lina kivuli. Ila watakuwa wa kwetu, kwa kuwa watazaliwa na wa kwetu. Mwenyekiti aliridhika kwa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili sikuitafsiri vizuri sana.

"Na huyu kijana," mama akaendelea, akimtazama yule mwanamke kwenye kioo, "kwa hesabu yangu ni wako wewe. Hao wengine wamemsindikiza."

Hili nililitafsiri neno kwa neno. Mama wa kijana akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamgusa mwenyekiti begani, akamwomba kwa upole asogee, akaketi katikati ya sofa langu, kando ya mwanawe.

"Mke mwenza," mama akaita, "toka huko nyuma ya mjomba wako nikuone. Nimekubali. Mlete mume wetu nimwangalie meno."

Binti akaja mbele ya simu, machozi na kamasi, bila bomba la kuyafichia. Mama akapiga vigelegele. Simu yangu ni ya bei ndogo. Ilitoa mlio wa gari la wagonjwa. Akina Lin wakaruka vitini, Salim akamwaga chai, na mwenyekiti akanishika mkono kwa hofu akiniuliza bibi amepatwa na nini, na kama hilo ndilo jibu la hapana.

Nikamwambia hapana, mzee wangu. Hiyo ndiyo ndiyo yenyewe.