Kaa Nacho, Nilimwambia Fundi

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya bucha hapa Nsemulwa, Mpanda, nasubiri nikatiwe nyama, ndipo muuza nyama akaniuliza bila kuinua kichwa kama nitakwenda msibani Shanwe. "Msiba wa nani?" nikamuuliza. "We mzee, kwani hujasikia? Yule fundi redio amefariki jana mchana. Si alikuwa rafiki yako?" Nikamjibu kwamba ndiyo, alikuwa rafiki yangu. Nyie mnaonisoma kila wiki, hata kama gazeti linafika kwenu na treni likiwa limeshakuwa la juzi, mnajua kwamba nikiandika juu ya marehemu huwa namsifu mpaka jamaa zake wananiletea kuku. Leo nitamsifu panapostahili, lakini nina jambo naye. Watakaosema marehemu hasemwi vibaya nawaelewa. Nami nawajibu kwamba haya nilimwambia akiwa hai, usoni kwake, na hakunijibu vizuri.

Kibanda chake kilikuwa Shanwe, kando ya njia ya kwenda sokoni, kimejaa redio zilizofumuliwa matumbo. Mkono wake ulikuwa mwepesi na maneno yake ya utani hayakuisha. Kuna neno moja la kibandani pale ambalo lazima nilieleze mapema, maana ndilo lililotugombanisha. Mteja akiambiwa redio yake haiponi, spika imekufa na kipuri hakipatikani hata Tabora, huguna kidogo, kisha husema, "Basi fundi, kaa nayo." Maana yake kila mtu Mpanda anaijua: nimekata tamaa, ifanye spea, nisiione tena. Lakini neno hilo hilo nyumbani lina maana nyingine kabisa. Nikisafiri nikamwachia jirani ufunguo, nikamwambia kaa nao, simpi nyumba. Namwomba anitunzie, na nikirudi nitaudai.

Mambo ya kukusanya vigari vya kuchezea yalimwanza kwa koti la mtumba. Alilinunua mnadani, akatia mkono mfukoni, akakuta kigari chekundu cha chuma, hakizidi kiberiti, gurudumu moja limechomoka. Akalitengeneza kwa waya wa redio, akakiweka juu ya meza yake ya kazi, na tangu siku hiyo mtu akawa hashikiki. Kila aliyefungua belo la nguo akakuta mdoli wa gari alimpelekea. Akanunua kabati la vioo kwa mfanyabiashara mmoja aliyefunga duka, akalifunga kufuli, akalijaza. Watu walimcheka, mtu mzima na midoli, lakini walikwenda kutazama. Nakumbuka mzee mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wake huko porini, alileta redio ikatengenezwa, akasimama mbele ya kabati muda mrefu. "Fundi," akauliza kwa sauti ya upole, "hii basi ya kijani inaenda Mwanza?" Fundi akamwangalia kana kwamba ni abiria kweli. "Ilikuwa inaenda, baba. Siku hizi imekatisha ruti, inaishia hapa hapa kabatini." Yule mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mtu wa kukusanya vitu habaki alivyoanza, na hili nimelijifunza kwake. Mwanzoni alipokea chochote chenye magurudumu: vya chuma, vya plastiki, mpaka magari ya waya na makopo ambayo watoto wetu hutengeneza wenyewe na kuyasukuma kwa fimbo. Kabati likajaa, macho yakaanza kuchagua. Kwanza akavitoa vya waya na makopo, akasema hivyo vipo kila uchochoro. Mwaka uliofuata vikaondoka vya plastiki, akavigawa mtaani. Halafu akaanza kuchunguza rangi. Kilichopakwa rangi upya hakukitaka tena, bora kilichochunika na rangi yake ya kuzaliwa. Mimi kwa ujinga wangu nilimpelekea rangi iliyobaki kwenye dirisha langu, ili apendezeshe kilori kilichochakaa. Alinitazama kama niliyemtukania mzazi. "Bwana, ukikipaka, unakuwa umekiua," akasema. Nikamtania kwamba mchagua jembe si mkulima. Akacheka, akafunga kufuli yake.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Baba yangu alikuwa mpishi wa familia moja ya Kizungu kwenye mgodi wa hapa Mpanda, enzi ukifanya kazi. Mgodi ulipofungwa na wenyewe wakafungasha, mtoto wao mmoja alimpa mdogo wangu kigari cha ambulansi, cheupe, chenye msalaba mwekundu ubavuni na mlango mmoja wa nyuma uliong'oka. Mdogo wangu alilala nacho, alikula nacho, na alipougua surua alikuwa amekishika. Hakupona. Mama alikifunga kwenye kitambaa, akakitunza miaka yote ile, na hakuna picha ya mdogo wangu mahali popote duniani, kwa hiyo kwa mama kile kigari ndicho kilichokuwa yeye. Mama alipozeeka na macho kumfifia, nyumba yake ya Magamba ikawa inavuja na wajukuu hawaachi kitu. Akaniambia, "Baba, kitafutie mahali pa salama." Mahali pa salama nilipopajua mimi ni kabati lenye kufuli. Nikakipeleka kwa fundi, na angalieni vizuri, sikukipeleka kibandani. Nilikipeleka nyumbani kwake, sebuleni, mkewe anatumiminia chai. Nikamsimulia habari zote za mdogo wangu na mgodi. Nikamwambia, "Kaa nacho, ni cha mama hiki." Akakipokea kwa mikono miwili. Mkewe akasema, "Shemeji, mama asiwe na wasiwasi." Nikarudi kwangu moyo mweupe.

Baadaye akaja Mpanda mtaalamu mmoja wa visima, mgeni kutoka Ulaya, naye kumbe kwao anakusanya vigari vya zamani. Redio yake ilimfikisha kibandani, na kutoka hapo hawakuachana. Yule mgeni alimsifu sana, akamweleza kwamba wakusanyaji wa kwao hawarundiki kila kitu. Mtu anaanza na vyote, halafu anajijua, anachagua njia yake: huyu mabasi tu, yule magari ya zimamoto tu, mwingine kiwanda kimoja tu. Vinavyobaki nje ya njia anavibadilisha apate vya kwenye njia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kuanzia siku ile neno la fundi likawa moja, mwelekeo. Mkusanyiko bila mwelekeo ni stoo, akawa ananiambia. Akachagua malori. Nikampongeza, nikasema lori ni sahihi kwa mji wetu. Wala haikunipitia akilini kwamba kwenye kabati la malori ambulansi haina kazi.

Mama akaugua, safari hii ugonjwa wa kulala moja kwa moja. Akaniita, akaniambia, "Baba, niletee kile kigari cha mdogo wako, nikishike." Macho yalikuwa yamezimika kabisa wakati huo. Nikapanda baiskeli mpaka Shanwe. Kabati lilikuwa limepangwa vizuri kama gwaride, malori matupu. Nikauliza ambulansi iko wapi. Fundi akajifuta mikono, akaniambia yule mtaalamu wa visima ameondoka nayo, ameacha lori la kijeshi lenye turubai, lile pale juu, zima halina mkwaruzo. Nikafikiri ananitania, maana ndiyo kawaida yake. Nikamwambia mama anaumwa, anakitaka. Uso ukambadilika kidogo, kisha akasema maneno haya ambayo mpaka leo nikiyakumbuka kifua kinapata moto: "Lakini ndugu yangu, si ulisema kaa nacho?"

Nilimwuliza kama mimi nilimletea redio mbovu. Nilimwuliza kama mama yangu ni mteja aliyekata tamaa ya spika. Halafu akafungua kabati, akalitoa lile lori la kijeshi, akanipa. "Mpelekee hili," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekufanyia wema. "Mama haoni. Akishika chuma chenye magurudumu atatulia." Wasomaji wangu, la kubadilisha kigari pengine ningelimeza. Tamaa ipo, na mtu akipenda kitu anapofuka. Hili la pili halikumezeka. Yeye mwenyewe, aliyeweza kutambua kwa kidole gurudumu lisilo la asili, alitaka mama yangu adanganywe kwa kidole hicho hicho. Nililiweka lori mezani, nikaondoka. Mama nilimweleza ukweli. Akauliza, "Kwani hakuambiwa ni cha nani?" Nikajibu, "Aliambiwa, mama." Akasema, "Basi." Hakukiuliza tena mpaka Mungu alipomchukua.

Hatukuvunjiana salamu hadharani. Mpanda ni mji mdogo, tungekutana stesheni, tungekutana misibani. Ila redio yangu niliipeleka kwa fundi mwingine, na kibandani kwake sikukaa tena. Na kadiri miaka hii ilivyokwenda nimeona kwamba fundi hakuwa peke yake. Tumeishi miaka ya kuchuja. Kila ukifungua redio unasikia mwelekeo mpya, soko huru, kupunguza. Mimi mwenyewe nilipunguzwa kazi kwenye ushirika wa tumbaku, nikaambiwa kwa lugha laini kwamba ushirika unajipanga upya na nafasi yangu haimo kwenye mpangilio. Maghala yaliyojengwa kwa jasho la wakulima wa Magamba wamepewa watu wengine, na mkulima akiuliza anaambiwa si mlituachia sisi tuendeshe? Sikatai mtu kubadilika. Anayekusanya vigari ana haki ya kuamka asubuhi akapenda malori, na nchi nayo lazima ichague. Lakini kabla ya kuchagua, tenga vyako na vya watu. Fundi hakutenga, na waliotupunguza nao sijaona walipotenga.

Cha kuudhi zaidi, hata malori nayo yalimchosha. Miaka yake hii ya mwisho alibadilika tena. Akaanza kusema vigari vya Ulaya, hata viwe vizima namna gani, havina habari za kwetu. Akavitoa vyote kwa watu wa Tabora, akaanza kutafuta magari ya waya na makopo, yale yale aliyoyatupa mwanzo, na kila kitu cha kuchezea kilichowahi kuguswa na mtoto wa Mpanda. Akawa anatafuta nani alikitengeneza, mwaka gani, alikisukumia mtaa upi. Na siku moja, mtaamini au hamtaamini, alinitumia mtu aje aniulize kama kwetu kumebaki chochote cha watoto wa wakati wa mgodi. Nilimtazama yule mjumbe, nikamwambia akamsalimie. Nikaingia ndani nikakaa kitandani, nikalia kwa hasira. Kigari chenye habari za Mpanda kuliko vyote alivyowahi kuvigusa kiko Ulaya kwenye kabati la mtu asiyejua mdogo wangu aliitwa nani.

Jumamosi tulimzika. Nilikwenda, nikabeba jeneza pamoja na wengine, nikatupa udongo wangu. Kisha msemaji wa familia akasimama kama ilivyo desturi. Akasema marehemu alikuwa binadamu, aliyekuwa anamdai au kudaiwa naye awaone wanafamilia. Akaendelea, "Na kama kuna mtu alimkosea, kwa neno au kwa tendo, tunaomba mumsamehe." Watu wote wakaitikia kwa pamoja, "Tumemsamehe." Nami nilifungua mdomo niitikie, maana siwezi kwenda kaburini kwa mtu na ubaya. Sauti haikutoka. Mjane wake alikuwa amekaa mbele yangu, akageuka akanitazama. Alikuwepo siku ile ya chai. Akainamisha macho kabla yangu.

Nimejiuliza tangu Jumamosi kwa nini nilishindwa, na jibu ni kwamba lile kosa halikuwa langu kulisamehe. Wa kulisamehe alikuwa mama. Deni la fedha familia inaweza kulilipa, na matusi unaweza kuyasahau ukizeeka. Amana ina mwenyewe, na mwenyewe akishaondoka hakuna wa kuitikia badala yake. Kwa hiyo nyie wasomaji wangu, kusanyeni mnachopenda, na mkichoka nacho kigaweni, ni chenu. Cha mtu usikichague. Kikikosa nafasi kwenye kabati lako, kirudishe upesi, mkononi mwa mwenyewe. Siku ile niliporudi Magamba kutoka Shanwe, mama aliisikia baiskeli yangu ikiegeshwa ukutani, na nilipoingia nilimkuta ameshanyoosha mikono yote miwili.