Mkalimani Aliyekataa Kupunguza Neno

Mahakamani walimwita Bwana Mikono, naye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuwatafsiria viziwi: anatazama ishara zao, kisha anamweleza hakimu kwa sauti. Mkalimani husema "mimi", hasemi "yeye". Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu huyu mpole, asiyeua hata mende, alisimama mbele ya mahakimu akikiri wizi wa kuku na ulevi wa watu wengine, huku makarani wakijizuia kucheka.

Mama yake alikuwa kiziwi. Utotoni alimsemea zahanati na sokoni, akaona jinsi watu wanavyopenda kumkatiza kiziwi, eti inatosha, tumeshaelewa. Akashika moja tu maishani: neno la mtu halipunguzwi.

Siku moja aliletwa fundi mwashi, kiziwi, aliyeshtakiwa kuvunja uzio wa kiwanja kilichochukuliwa na serikali. Kabla ya kesi, mkuu wa ofisi alimvuta Bwana Mikono pembeni. Agizo limetoka juu, alisema: mshtakiwa akigusia mambo ya polisi, hayo ayaruke. Bwana Mikono akajibu kwamba kazi hiyo haijui. Mkuu akadhani ni utani.

Kizimbani, fundi aliinua vidole vilivyovimba na kueleza yaliyompata. Bwana Mikono akasema kwa sauti ileile ya kila siku:

"Mimi nilipigwa kituoni mpaka nikakubali kutia dole gumba kwenye karatasi ya kukiri. Uzio sikuugusa."

Safari hii hakuna aliyetaka kucheka. Hakimu akaahirisha kesi, akaletwa mkalimani mwingine, msikivu kwa wakubwa, na fundi akafungwa. Kwa hiyo usiniulize ilisaidia nini. Haikusaidia kitu, na inaniuma mpaka leo.

Bwana Mikono akasimamishwa kazi. Akaambiwa aombe radhi tu, aseme alitafsiri vibaya, na mambo yataisha. Kaka yake alimsihi, shemeji zake wakamwita kichwa ngumu, lakini wapi. Basi wakubwa wakamgeukia mkewe, mwalimu wa shule ya msingi: uhamisho, upande wa pili wa nchi, aripoti mara moja. Walijua pa kubana.

Asubuhi ya safari mume na mke walikunja nguo pamoja, za mke na za binti yao mdogo. Mwalimu hakulia wala kugomba. Alisema anamwelewa, na kwamba angemwona mtu duni kama angetii lile agizo. Mume akashusha pumzi, akadhani yamekwisha.

"Ila uliposimama pale," mke akasema, "mimi na mtoto ulitufikiria?"

Angeweza kusema chochote. Akasema kweli.

"Hapana."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akafunga zipu ya begi, akamwita binti yao avae viatu. Huu ni mwaka wa pili, na hata likizo hawaji.