Mashine Nzito ya Papa

Plastiki ikipata moto ina harufu yake, na mimi naijua kuliko ubani wa kanisani. Wakati wa vita ilijaa sebuleni kwetu Mangobo, mtaa wa Kisangani, ikichanganyika na jasho la watoto waliobanana sakafuni mbele ya televisheni. Papa, baba yangu, alikuwa mtu wa reli ya Ubundu. Treni zilisimama, na mshahara ukasimama nazo. Alibaki na baiskeli aliyobebea abiria mjini. Hiyo akampa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo aliyeleta bidhaa kwa ndege kwa sababu mto ulikuwa umefungwa na vita, naye kwa kubadilishana akampa Papa mashine ya kuchezea mpira kwenye televisheni. Watoto walilipia kila mchezo, na humo ndimo zilimotoka sombe, majani ya muhogo aliyotupikia Mama, na karo yangu ya shule. Mashine ikipata moto diski ikakwama, niliitwa mimi. Niliigeuza mashine kichwa chini, ikasoma. Mtaa mzima hakuna aliyenizidi kwa kazi hiyo, hata wakubwa.

Mvua za msimu ule hazijaisha, Kasereka akashusha mashine nyingine ya kampuni ileile: ndogo, nyeupe, kona za mviringo. Akamuuzia jirani yetu, Tonton Bosco. Papa akanishika mkono tukaenda dukani kwa Kasereka.

"Kasereka, nilikupatia baiskeli yangu. Juu ya nini hukuniambia ingine iko inakuja?"

"Papa, hata mimi sikujua. Wenye kutengeneza hawatuulizake." Akamwekea ile nyeupe kiganjani. "Bon, rudisha ya zamani, uongeze pesa kidogo, ubebe hii."

Papa akaipima kwa mkono. Mji wetu ni mji wa almasi, na kitu chepesi tunakidhania cha uongo. "Hii iko mwepesi sana. Ndani hamuna kitu," akasema, akairudisha. Nami niliona amesema kweli.

Watoto wakahamia kwenye ile nyeupe, sebule yetu ikawa tupu. Nikabeba diski yetu ya mpira mpaka kwa Tonton Bosco, nikamwomba aiweke ndani ya mashine yake mbele ya wote. Wachezaji walewale, goli lilelile, hata kelele za mashabiki.

"Munaona?" nikawaambia. "Iko mchezo ule ule."

"Tunaona, kaka," alisema Dido, mteja wetu wa kila siku. "Lakini hii iko mupya. Ile yenu mupikie sombe, inapata moto muzuri."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo, maana ilichekesha. Hawakurudi. Papa akaanza kubeba magunia sokoni, na shule yangu ikaishia hapo.

Leo nina maduka matatu ya vyombo vya umeme, na asiyenunua kwangu Kisangani atanunua kwa aliyenunua kwangu. Makampuni hayajabadilika: watoto hawajaizoea mashine, inatoka nyingine, nyembamba kidogo, mchezo uleule. Naagiza, nauza, sina hasira. Niliwahi kumuuliza Papa kwa nini hakungoja kidogo kabla ya kutoa baiskeli. Akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Kungoja? Na vita ile?"

Mwanangu anataka mashine iliyofika mwezi huu. Nimemwambia tutangoja itakayofuata. Mimi nina uwezo wa kungoja, babu yake hakuwa nao. Amenuna tangu Jumapili. Mezani anageukia ukutani, nami najiongezea samaki.