Kuongea na Utosi

Waigizaji wenzangu wa Mji Mkongwe wana elimu kubwa ya namna ya kuonekana na wakubwa wa filamu. Mmoja ananiambia nipige picha kwa mpiga picha anayejua kazi. Mwingine ananiambia niketi wanapokunywa kahawa watu wa filamu, halafu nicheke kwa sauti. Nimecheka sana, na nimekunywa kahawa za bei mbaya. Kilichonipatia kazi ni kusuta mtu, na sitaki msomaji ainuke hapa akaenda kusuta watu ovyo.

Mwongozaji alitoka Dar kutafuta mwanamke wa kusini mwa Unguja, wa makamo, mwenye ulimi. Mimi ni mzaliwa wa Makunduchi. Makamo ninayo na ulimi ninao. Nilijiapiza kwamba nikikosa nafasi hii, basi, narudi kijijini kulima mwani na mama yangu, ambaye kila nikimpigia simu hunikumbusha kwamba mwani hauna usaili. Nikaingia chumba cha usaili, nikasema maneno yangu yote, nikalia machozi ya kweli. Mwongozaji alikuwa akitazama simu yake. Muda wote nilichokiona ni utosi wake, wenye upara mdogo wa mviringo kama kitumbua.

"Ahsante dada, tutakupigia," kikasema kitumbua.

Hawakupiga. Ikaingia siku ya Mwaka, nikaenda nyumbani. Kwa asiyejua, Mwaka ni sikukuu yetu ya mwaka mpya wa kale. Wanaume hupigana kwa migomba, wanawake tunazunguka uwanja tukiwasuta kwa nyimbo, na mwenye kinyongo hukimaliza pale pale. Nyumba isiyo na mgeni siku ile ina mkosi, kwa hiyo mama alikwenda barabarani kuokota mgeni. Akarudi amemshika mkono mwongozaji wangu.

Nikamtandikia mkeka, nikamnawisha, nikampakulia wali na mchuzi wa pweza. Alikula vizuri, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine kwenye simu. Hakunijua. Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, na nikafurahi vile vile, kwa sababu nilijua siku ile ni siku gani.

Uwanjani nikatoka mbele ya wanawake, nikamzunguka, nikaimba kwa Kimakunduchi kitupu: mgeni katoka bara kutafuta nyuso, macho kayasahau kwao, mpeni wali, naye atawapa utosi. Wanawake wakaitikia, na shangazi zangu wakaongeza yao ambayo siyaandiki. Kichwa kikainuka. Kumbe uso anao, na macho mazuri tu. Alikuwa anatabasamu, maskini, anapiga makofi. Akaniuliza nimeimba nini. Nikamwambia ni dua ya kumwombea mgeni.

Akasema kesho nije mjini niimbe dua ile ile, kwa uso ule ule, kwa kuwa huyo ndiye mwanamke anayemtafuta.

Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Mama alipopata habari aliacha kuosha sufuria.

"Ya Mwaka huishia Mwaka," akasema. "Ukiyarudia kesho, mwanangu, hujaimba. Umemtukana mgeni aliyekula kwangu."

Alisema kweli. Siku ikishapita, nyimbo zile ni ugomvi. Asubuhi nikaenda mjini kupoteza kazi yangu kwa heshima.

Nikamweleza mwongozaji kwamba dua ile haiimbwi siku nyingine. Akaguna, akasema sawa dada, na kichwa kikashuka kwenye simu. Nikautazama upara ule, ndipo likanijia jambo la kufurahisha: hili lilikuwa kosa jipya, la leo, wala Mwaka haukuwa na habari nalo.

"Kaka," nikasema, kwa Kiswahili cha mjini ili asikose hata neno. "Nlikuja hapa nkalia, nkaulilia utosi. Jana nkakunawisha mikono, ukala wali wa mama yangu, hukunitazama. Leo umeniita mwenyewe, na bado nnaongea na utosi. Huyo mwanamke unayemtafuta, akija utamjuaje?"

Msichana wa kamera akajifanya anafuta kioo. Mwongozaji akainua kichwa, akanitazama, masikio yamemwiva. Kisha akaifudikiza simu mezani.

"Ile ya jana haikuwa dua," akasema.

"Ilikuwa kali zaidi," nikamwambia.

Akaniambia nitoke nje, niingie tena, nianze upya. Nikaanza. Hakuinama.

Kazi nikapata. Nilipompigia mama alikuwa pwani, nawasikia wenzake wa mwani. Akaniuliza nitaigiza nini. Nikamwambia, kwa fahari zote, mwanamke anayemsuta bwana mkubwa mbele za watu.

"Haya, hongera," akasema. "Na kuigiza utaanza lini?"