Mjukuu wa Nahodha

Mpaka leo sijawasamehe watu waliotengeneza ile filamu ya pili. Wako huko mbali, hawanijui mimi wala hawaijui Ipagala, mtaa wetu, na hasira yangu haiwafikii. Lakini ninayo, na nitaanza nao.

Kulikuwa na filamu za zamani za nahodha wa chombo cha angani. Wazee wa mjini walizitazama ujanani mwao kwenye jumba la sinema, wakamjua nahodha kama jirani yao, pamoja na yule daktari mwanamke ambaye mwishoni alimuoa. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa na kila kitu kikauzwa, likiwamo shirika la umma alilofanyia kazi kaka yangu. Kaka akapunguzwa kazini. Mkuu wake wa stoo yeye hakupungukiwa na kitu: aliondoka na jenereta ya shirika, akatafuta televisheni na deki, akafungua banda la video. Ndiye aliyemchukua kaka awe mtafsiri wake, na kaka akamshukuru. Shukrani ile ilinikera kuliko hata jenereta.

Mtafsiri alikaa kwenye stuli kando ya televisheni, akisema kwa Kiswahili yale yaliyosemwa kwa Kiingereza. Kaka hakuishia hapo. Walipokuwapo wakulima wa Mlali waliokuja kuuza karanga, aliwatilia Kigogo cha kwao pale vita vilipokolea. Jenerali akiingia, askari wake wote walimwamkia shikamoo. Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Nyumbani kaka alikuwa anakaa kimya siku nzima tangu apoteze kazi, lakini kwenye stuli ile alikuwa mtu tena.

Ndipo wenye filamu wakaamua kuzianza upya, kana kwamba zile za kwanza hazikuwahi kuwapo. Nahodha yuleyule, jina lilelile, ila sasa kijana asiye na hata ndevu. Kanda ya kwanza ilipowekwa, wazee walikuja juu.

"Huyu siye! Nahodha tunamjua sisi, alishaota mvi!"

Ungewaambia nini? Kwamba huko watu hufuta maisha ya mtu wakayaanza tena wanapojisikia? Kaka akasema, "Wazee wangu, huyu ni mjukuu wake. Karithi jina la babu."

Banda zima likaridhika. Nusu ya waliokaa pale walikuwa na majina ya babu zao. Kaka akanogesha: mzee alizaa mtoto mmoja tu, na mtoto naye akamzaa huyu, ndiyo maana ukoo wote unamtegemea. Mwenye banda alicheka kuliko wote, na wateja wapya walipoingia alimwambia kaka awarudie habari za mjukuu.

Kisha ikaja kanda ya pili. Tuliingia Jumamosi mchana, banda limejaa. Mlango wa chombo ukafunguka, akatokea binti mwenye koti jeupe, na nahodha akamwita kwa jina. Lilikuwa jina la yule daktari wa zamani. Halikuhitaji tafsiri, kila mzee alilisikia.

"Huyo si bibi yake?" mmoja akauliza. Watu wakacheka, maana mjukuu kumwita bibi yake mke wangu ni utani wa kila siku.

"Naye ni mjukuu," kaka akawahi. "Karithi jina la bibi."

Nikamwona anashtuka kabla hajamaliza kusema. Mtoto wa nahodha alikuwa mmoja tu, alishatuambia mwenyewe. Basi huyu binti alikuwa dada wa nahodha, baba mmoja. Na mbele yetu nahodha akamkumbatia, akambusu, akamvisha pete.

"Astaghfirullah! Dada yake!" Wazee wakainuka. Wengine wakavuta watoto wao nje.

Mwenye banda akazima deki, akasimama mbele ya watu. "Amewadanganya," akasema. "Huyu Kiingereza hakijui." Kaka, aliyekuwa akimwandikia barua zake zote za Kiingereza kule shirikani! Nilipiga kelele kwamba ni mwongo. Akaniambia nikae chini, mambo ya banda si ya wanawake. Kaka alikwisha kutoka.

Jumamosi iliyofuata mwenye banda alikalia stuli mwenyewe. "Wanapigana," akasema. Baadaye akasema, "Bado wanapigana." Mabenchi yakaanza kuwa matupu, na mtu akatumwa nyumbani kwetu: kaka anaweza kurudi, ila kwanza awaombe radhi watazamaji, na kuanzia sasa asitie neno lake.

Nilimkatalia kaka asiende. Nilimwambia kwamba mwenye banda alimnyang'anya kazi, sasa anamnyang'anya ulimi. Kaka alikuwa anapiga pasi shati.

"Mdogo wangu," akasema, "unataka nikae wapi? Humu ndani, nikutazame?"

Nilimfuata na hasira yangu. Alisimama kando ya televisheni, mwenye banda kakunja mikono nyuma yake, akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Naomba radhi. Yale ya mjukuu niliyatunga mimi."

Kisha mzee mmoja wa benchi la mbele, yuleyule aliyekuwa wa kwanza kuinuka, akaitikia marahaba na kusema, "Tumekusamehe, mwanangu. Ila tuambie, yule binti kalelewa wapi hata wasijuane na kaka yake? Tangu siku ile najiuliza."

Watu wakasogea mbele kusikiliza. Swali lile lilikuwa la kaka kabisa. Siku zote angelijibu kabla mzee hajafunga mdomo, na banda lingevunjika mbavu.

Kaka alifungua mdomo, halafu akageuka kwanza kumtazama mwenye banda.

Nilinyanyuka nikatoka. Sikutaka kusikia kama amepewa ruhusa.