Kazungu alifunga ramani ya mtoto, akasahau ya mama

Leo asubuhi nilikuwa naanika nguo uani kwetu Tononoka, nikamwona Kazungu Chirau, mpangaji wa chumba cha chini, anatoka na ufunguo wa sanduku la posta. Nilikuwa nimeshamwomba nimfuate kazini niandike habari zake. Akasema twende, lakini tupitie posta.

Saa mbili na nusu yuko mbele ya kompyuta, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Mbaraki. Ana miaka arobaini na mmoja. Yeye ndiye mtunzaji wa programu ya orodha za makontena.

Ananieleza polepole. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa katika kurasa, na programu ina ramani ya kujua kila ukurasa uko wapi. Kila jioni programu hiyo, wanayoiita mama, huzaa mtoto. Mtoto huchapisha orodha, mama huendelea kupokea mizigo mipya. Kurasa ni nyingi mno, kwa hivyo mtoto hunakiliwa ramani tu, wote wawili wasome mahali pamoja.

“Rispah alikuwa akinicheka,” asema. “Ati, Kazungu, mashine yako yazaa kuliko sungura.”

Rispah alikaa meza ya pili miaka tisa, akiingiza orodha hizo.

Mwaka jana, 1997, mizigo ilizidi. Kunakili ramani kukachukua muda, mashine ikawa inaganda. Kazungu akaandika upya sehemu hiyo, akatumia kurasa kubwa kubwa ili ramani iwe fupi. Ikaenda mbio, akapongezwa.

Lakini sharti ramani zote mbili zifungwe, asiandike yeyote juu ya ukurasa wa pamoja; anayetaka kuandika apewe kwanza nakala yake. Yeye alifunga ya mtoto, akasahau ya mama. Mama akaandika, mtoto akachapisha orodha iliyobadilika katikati.

Makontena matatu yakaenda kwa watu wasio wenyewe. Meneja, Bwana Taib, akasema ni vidole vya Rispah. Rispah akaapa hakukosea. Akafutwa.

Wiki tatu baadaye Kazungu akaliona kosa. Akarekebisha mstari mmoja, akanyamaza.

“Niliogopa, mwanangu. Nina watoto wanne.” Anatazama meza ya pili. “Na yeye ana watoto.”

Mwezi wa tatu mwaka huu alimwendea meneja akasema yote. Alishushwa cheo. Rispah akirudi, meneja akasema, kiti chake kipo.

Kazungu akamwandikia Rispah, aliyekuwa amerudi kwao Ahero: kosa lilikuwa langu, rudi. Anataka amwonyeshe ule mstari mbele ya ofisi nzima. Kiti hakijakaliwa, yeye hukipangusa vumbi kila asubuhi, na leo amekipangusa.

Barua ina wiki kumi na moja tangu aitume. Pale posta asubuhi, sandukuni mlikuwa na bili ya maji tu.