Ndoo ya Maji ya Kujifungulia

Juzi nilimpeleka shangazi zahanati moja kule Bukombe. Tukamkuta profesa wa afya vijijini akihoji wajawazito. Mama mmoja akapiga goti kumwamkia.

"Shikamoo. Ulinihoji hapahapa nikiwa na mimba, wewe ukiwa bado mwanafunzi. Uliniuliza kwa nini nimekuja kujifungua na ndoo ya maji."

"Marahaba, mama. Nakukumbuka," profesa akatabasamu.

Mama akamvuta mkono binti mjamzito, ndoo ya maji kichwani.

"Mimba ile ndiyo huyu. Muulize na yeye."

Profesa akaziba mdomo kwa kiganja. Shangazi akaguna. Swali lile limempa mtu uprofesa. Zahanati halijaipa hata bomba.